Upasuaji wa glakoma haupimwi kwa siku moja

Kila mwezi wa Machi ulimwengu huadhimisha Wiki ya Glakoma. Hotuba hutolewa, watu hupimwa macho, kisha kimya hutanda hadi mwaka ufuatao. Ni nadra kusikia swali hili likiulizwa: je, wale waliopasuliwa miaka mitano au kumi iliyopita wanaonaje leo?

Swali hilo lina uzito kwa kuwa glakoma si mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho huingia hospitalini akishikwa mkono, na bandeji ifunguliwapo huwatambua wajukuu wake. Glakoma nayo huua neva ipelekayo picha kwenye ubongo, na neva ikishakufa haifufuki. Mpasuaji hukusudia tu kupunguza shinikizo la maji yaliyomo jichoni ili kilichosalia kisiangamie. Kwa hivyo hata aliyepasuliwa kwa ufanisi mkubwa huamka akiona vile vile alivyoona jana, na pengine vibaya zaidi kwa majuma kadhaa. Jirani humwuliza, "Umepona sasa, mzee?" Naye hukosa jibu. Uvumi huenea kwamba fulani alipasuliwa na bado haoni, na waliokuwa wakijiandaa kwenda hospitalini hughairi.

Upasuaji utumikao sana, trabekulektomi, ulielezwa na daktari J.E. Cairns wa Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1968. Daktari hutoboa kilango katika ukuta mweupe wa jicho ili maji yapate pa kutokea. Hapo ndipo penye kinaya. Katika upasuaji mwingine twashukuru kidonda kikiziba upesi. Katika huu, kikiziba mno, shinikizo hupanda upya. Watu wenye asili ya Kiafrika huelekea kupata makovu zaidi, ndiyo maana madaktari hutumia dawa za kuzuia kovu kama vile mitomisini. Nazo zina hatari zake, kwani utando ulio juu ya kilango huweza kuwa mwembamba na viini vikapenya hata baada ya miaka mingi.

Utafiti mmoja wa vituo 17, vingi vikiwa Marekani, ulilinganisha trabekulektomi na kifereji cha kupandikizwa kwa wagonjwa ambao macho yao yalikuwa yamepasuliwa awali. Matokeo ya miaka 5, yaliyochapishwa mwaka wa 2012, yalionyesha kwamba trabekulektomi ilishindwa kwa takriban wagonjwa 47 katika kila 100, na kifereji kwa 30. Utafiti mwingine wa huko huko uligundua kwamba macho ambayo shinikizo lake lilikuwa chini ya 18 kila yalipopimwa, kwa muda wa miaka 6, kwa wastani hayakuzidi kuharibika. Naomba msomaji ayazingatie maneno hayo: kila yalipopimwa.

Nani hapa kwetu hupimwa hivyo? Mwalimu wangu mmoja, sasa mstaafu, alipasuliwa, akahudhuria kliniki mwaka mmoja, kisha akaacha. Hakuhisi maumivu, na nauli ya kwenda mjini ilikuwa karo ya mtoto. Aliporudi baada ya miaka mitatu, jicho moja lilikuwa limekwisha. Bima yoyote, iwe NHIF ya jana au SHA iliyochukua nafasi yake mwaka wa 2024, ingefaa ipimwe kwa safari hizo za baadaye, wala si kwa siku ya kisu pekee.

Jirani zetu wa Moshi, katika hospitali ya KCMC, walijaribu miale ya leza badala ya matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja, kwa mujibu wa ripoti ya 2021, leza ilifaulu kwa macho 61 katika kila 100, matone kwa 31. Ni habari njema, ingawa mwaka mmoja ni mchache mno kwa ugonjwa wa maisha.

Mwalimu wangu sasa anawahimiza wanawe watatu wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo. Wawili wamekwenda. Wa tatu asema yeye anaona vizuri.