Kamera ukutani, mtoto anateswa bwenini

Kila linapozuka tukio la mwanafunzi kuteswa na wenzake skulini, jawabu la kwanza tunalolisikia siku hizi ni moja tu: zifungwe kamera za CCTV. Wazazi tunaitikia upesi, na kabla ya kikao kwisha tumeshagawiwa mchango. Nimekaa katika vikao hivyo nikiwa mzazi, na naona jambo hili tulizungumze kwa utulivu kabla hatujatia mkono mfukoni. Kamera zinamlinda mtoto anayeonewa, au zinatufaa sisi watu wazima tuonekane tumefanya jambo?

Tusizidharau, zina kazi yake. Getini, stoo, jikoni na kwenye korido, kamera humfanya mtu afikiri mara mbili. Mtoto akipigwa uwanjani na kila mmoja akakana, picha humaliza ubishi. Mwanafunzi mgeni, ambaye neno lake halina uzito mbele ya neno la mkubwa wake, hupata shahidi asiyeogopa mtu.

Lakini tujiulize: uonevu hutokea wapi, na saa ngapi? Waliolala mabwenini wanajua. Hutokea usiku taa zikishazimwa, na bafuni alfajiri. Mgeni huamrishwa kufua nguo za wakubwa, hunyang'anywa vitu vyake vya sandukuni, hubandikwa jina la kumdhalilisha akaitwa nalo hadi amalize skuli. Huko ndiko watoto wanakovua nguo na kulala, na kamera haina heshima ya kuingia. Basi itabaki kulinda korido, na mwenye kuonea atajifunza pembe zisizoonekana ndani ya wiki moja. Jina baya na vitisho vya chini kwa chini havina picha. Zaidi ya hayo, mashine hizi hufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Mtoto aliyenyamaza muhula mzima, siku atakayosema, ushahidi umeshakwenda.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2017 nchi ilishtuka kusikia mateso ya wanafunzi wageni katika skuli ya Alliance, mojawapo ya skuli zenye jina kubwa kabisa Kenya. Wizara ya Elimu ilichunguza, viranja wakatajwa, na mwalimu mkuu akastaafu mapema. Viranja ni watu waliopewa mamlaka na skuli yenyewe. Uonevu unapopitia mkono wa wenye mamlaka, tatizo si uchache wa macho. Macho yalikuwapo, ila yalizoea. Kamera ikiwekwa mahali kama hapo, itaonwa na watu walewale waliozoea.

Pia tuulize picha zitakaa kwa nani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Hili si la mzaha. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza skuli moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sasa fikiri kipande cha video cha mtoto wako akipigwa kinatoka ofisini na kuzunguka kwenye WhatsApp. Ataonewa mara ya pili, na safari hii na mji mzima.

Sisi Waislamu tuna mizani yetu pia. Sura ya Al-Hujurat inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, na aya inayofuata papo hapo inakataza kupelelezana. Mambo mawili yamewekwa pamoja: kumlinda mnyonge na kulinda sitara ya mtu. Nasema haya nikijua zipo madrasa za bweni pwani hii ambazo nazo zinahitaji kuulizwa maswali haya haya.

Finland walifuata njia nyingine. Mpango wao wa KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku, hauanzi na mwonevu wala mwonewa. Unaanza na wale wanaotazama na kucheka, kwa sababu mwonevu hutafuta sifa kwao. Darasa likikataa kucheka, amekosa soko. Hilo halihitaji nyaya. Linahitaji mwalimu mwenye muda, na mlezi mtu mzima anayelala karibu na bweni na kulipitia usiku.

Na sheria tunayo. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure. Ni skuli ngapi zimeibandika pale mtoto anapoweza kuisoma, na zikampa simu ya kuipigia?

Kwa hivyo, kikao kijacho mkiambiwa mchange, ulizeni kwanza. Nani atazitazama hizo picha, na mara ngapi? Zitahifadhiwa siku ngapi, na ufunguo anao nani? Bwenini usiku yuko mtu mzima gani? Mtoto akitaka kumshtaki kiranja, atamwendea nani asiyekuwa kiranja? Na mwaka jana malalamiko mangapi yaliandikwa, na yaliishia wapi? Skuli yenye majibu, changieni kamera ya getini bila kinyongo. Skuli isiyokuwa nayo ina kasoro ambayo kamera haitaiziba. Waswahili tulishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeumbuka hapa ni mtoto wa mtu.