Kantangaze Hajui Mpaka wa Shamba

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja: dawa gani inaua kantangaze? Swali hili limenichosha. Tangu nondo huyu wa nyanya aingie nchini mwaka 2014 tunaliuliza, na kinachobadilika ni chupa tu. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda, dawa ikabaki juu. Kwenye joto la nyuzi 27 kizazi kimoja hukamilika kwa siku kama 24, na jike mmoja huweza kutaga hadi mayai 260. Anayepiga dawa ileile kila wiki huwaua walio dhaifu na kuwaachia sugu wazaane. Amerika ya Kusini, alikotoka nondo huyu, usugu huo umethibitishwa.

Kinachoniuma ni kuona swali hili likiulizwa Upareni, kuanzia Mhezi hadi tambarare za Same. Sisi tuna ndiva, mabwawa yetu ya pamoja ya kumwagilia mashamba. Ndiva ikijaa tope hupigwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wote, na maji yakifunguliwa kila mmoja ana zamu yake. Anayeiba maji hutozwa faini. Nondo naye, kama maji, hupita shamba hadi shamba. Huzaliana kwenye mabua ya nyanya yaliyotelekezwa baada ya mavuno, na kwenye mnavu ulioota pembezoni. Nataka kamati za ndiva zipewe kazi ya pili: siku moja ya wote kung'oa na kufukia mabaki, kisha msimu mmoja bonde zima lipande mahindi, nyanya zipumzike. Nimejibiwa kwamba kila mtu na shamba lake. Mbona hatusemi kila mtu na maji yake?

Katika toleo hili, makala ya bei za tenga la nyanya sokoni ina takwimu nzuri. Ya mitego ya harufu isomeni mkikumbuka kwamba mitego hiyo hunasa madume tu. Bora kuliko zote ni ile ya nyigu mdogo kutoka Peru, aliyeletwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ili amshambulie kiwavi wa kantangaze, ingawa mwandishi ameliacha jambo kubwa: nyigu huyo hufa kwa sumu zetu. Jirani mmoja mwenye bomba la mgongoni anatosha kummaliza.

Wenyeviti wa kamati za ndiva, mkutano wenu ujao wekeni ajenda ya mabaki ya nyanya, kabla miche ya msimu haijatoka kitaluni.