Lovecraft Hakuwa Mganga Njaa

Mwaka 1945, katika The New Yorker, mhakiki Edmund Wilson alidai kuwa hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft ni kazi za kuganga njaa, zimejaa vivumishi, na zingeachwa zilikotoka: kwenye majarida ya bei chee.

Vivumishi vimejaa, kweli. Lakini soma "The Colour Out of Space" ya 1927. Kimondo kinaanguka shambani, matunda yanavimba yakiwa machungu, mifugo inamomonyoka, kisha zamu ya familia. Wilson mwenyewe aliona humo karibu utabiri wa bomu la atomiki, akaipita hivihivi. Mhakiki gani huyo?

Hoja ya njaa ndiyo dhaifu kuliko zote. Mganga njaa huandika anachotaka mhariri. Lovecraft aliandika "At the Mountains of Madness" mwaka 1931, wahariri wa jarida la Weird Tales wakaikataa, naye hakuikatakata ili wamlipe. Ilikaa bila kuchapishwa hadi 1936. Mkate wake aliutafuta kwa kurekebisha miswada ya wengine, akafa fukara 1937, na miaka 46. Njaa gani aliyoiganga?

Anayetaka kumshitaki amshitaki kwa ubaguzi wa rangi uliojaa katika barua zake na baadhi ya hadithi. Hapo simtetei hata kidogo.

Ama kuhusu hadhi: Wilson ndiye aliyepigania mfululizo wa vitabu bora vya Marekani, uliokuja kuwa Library of America. Lovecraft aliingizwa humo mwaka 2005. Wilson akafuata 2007.