Kishikwambi Hakimfundishii Mwalimu

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iliamua vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu wakabidhiwe walimu. Havikutolewa kama zawadi. Mwalimu wa Njombe au Makambako aliyepokea kimoja alikabidhiwa mali ya umma, na kazi ya kufanya nayo.

Video fupi darasani tunaiunga mkono. Tusichokubali ni mwalimu kuingia kipindini bila maandalizi, akafungua YouTube mbele ya wanafunzi na kuanza kutafuta. Robo ya kipindi cha dakika 40 inaishia kwenye matangazo na kusubiri mtandao. Kipande kikipatikana, wanaokiona ni wa madawati ya mbele, na mvua ya Njombe ikianza kupiga bati, hata hao hawasikii kitu. Hapo hakuna kilichofundishwa.

Video ni zana ya kufundishia kama chati ya ukutani, na zana huandikwa kwenye andalio la somo. Mwalimu aitazame yote siku moja kabla, aipakue, ajue ataisimamisha wapi na atauliza nini. Anafundisha msuguano? Aonyeshe treni inayofunga breki, aisimamishe picha kabla treni haijatulia, wanafunzi waandike wanachotarajia na sababu zake, ndipo aendelee. Dakika mbili zinatosha. Video za nusu saa, tuseme ukweli, mara nyingi ni za kumpumzisha mwalimu.

Na kwa nini treni hiyo iwe ya Ulaya? Makambako kuna stesheni ya TAZARA, reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Njombe mjini yapo maporomoko ya mto Ruhuji, na mashamba ya chai hayako mbali. Kishikwambi kina kamera. Kwa ruhusa ya wahusika, mwalimu anaweza kurekodi mwenyewe kile ambacho wanafunzi wake hukipita kila siku bila kukitafakari. Kuwarekodi wanafunzi wenyewe na kuwarusha TikTok ili mwalimu apate wafuasi ni jambo jingine kabisa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtoto si mali ya mwenye simu.

Wajibu huu hauishii kwa mwalimu. Hatuwezi kumdai video huku bando analinunua kwa mshahara wake. Halmashauri na wakuu wa shule watenge fedha za bando, spika na walau projekta moja kwa shule, na vipande vilivyokwisha kupakuliwa vizungushwe shule kwa shule kwa flashi, vifike hata kusikoshika mtandao.

Wathibiti ubora wa shule nao wasiridhike kuhesabu vishikwambi ofisini kwa mwalimu mkuu na kusaini kitabu cha wageni. Waombe andalio la somo, waingie darasani, wakae dawati la nyuma kipindi kizima.