Yesu wa kwenye kalenda alichorwa na nani? Mfundishe mwanao nyumbani

Mtoto wa miaka mitano akiuliza, “Mama, kwani Yesu ni Mzungu?”, wazazi wengi hujibu haraka haraka: “Yesu ni wa watu wote.” Jibu hilo ni la kweli, ila halijagusa alichouliza. Mtoto ameitazama kalenda ya sebuleni, ameona ngozi nyeupe na nywele ndefu za kahawia, akajumlisha mwenyewe.

Kwake yeye picha ni picha. Ile ya harusi ya baba na mama ilipigwa watu wakiwa wamesimama mbele ya kamera, na ya Yesu anadhani ilipatikana vivyo hivyo. Asipoelezwa, anaweza kukua akiamini kwamba Mwana wa Mungu alifanana na watu wa mbali, na kwamba yeye na bibi yake wako nje ya habari hiyo. Siku atakapogundua ukweli peke yake, pengine akiwa sekondari na simu mkononi, atajiuliza ni mambo gani mengine ya imani aliyopewa bila maelezo.

Njia rahisi ya kuzuia hilo ni kumfundisha historia ya sanaa ya Kikristo hapo hapo nyumbani. Jina la somo linatisha, kazi yenyewe haitishi. Mzazi hahitaji kuwa amesomea uchoraji. Anahitaji Biblia, simu yenye bando kidogo na nusu saa kwa wiki.

Anza na picha iliyo ukutani

Moja ya sura za Yesu zilizonakiliwa zaidi duniani ilichorwa na Warner Sallman, Mmarekani wa Chicago aliyekuwa pia akichora matangazo ya biashara. Aliichora kwa rangi za mafuta mwaka 1940. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani waligawiwa kadi zake ndogo za kuweka mfukoni. Nakala zake zinakadiriwa kuzidi milioni 500, na kalenda na mabango mengi ya huku kwetu yana sura hiyo au iliyo jamaa yake.

Mwambie mtoto ukweli mwepesi: Injili zote nne hazituambii Yesu alikuwa mrefu au mfupi, wala nywele zake zilikuwaje. Tunajua alikuwa Myahudi aliyekulia Nazareti ya Galilaya. Sallman hakumwona. Alimfikiria, akamchora kwa namna ambayo watu wa kwao wangemtambua.

Hapo mtoto ameshapata maswali matatu yatakayomfaa kwa picha yoyote: nani aliichora, lini, na alikuwa akiwachorea akina nani?

Huna haja ya kuishusha kalenda. Kwa wengi picha hiyo ni kumbukumbu ya mama aliyewafundisha kusali mbele yake. Mtoto ajue tu kwamba ni kazi ya mkono wa mtu.

Bibi aliyeweka kidole mdomoni

Hatua ya pili ni kumwonyesha kwamba Waafrika wamekuwa wakichora habari za Biblia tangu zamani sana. Watoto wengi, na hata watu wazima, hudhani Ukristo uliingia Afrika pamoja na wamisionari. Johann Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Lakini katika monasteri ya Abba Garima, kaskazini mwa Ethiopia, zimehifadhiwa Injili zilizoandikwa kwa Kigeez juu ya ngozi na kupambwa kwa picha za rangi za Wainjilisti. Vipimo vya maabara vimeonyesha ngozi hizo ni za kati ya karne ya 4 na ya 7. Maana yake, zilikuwapo zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Krapf kuzaliwa.

Kwa watoto wadogo, tafuta picha ya Mtakatifu Anna wa Faras. Faras ulikuwa mji wa Wanubi Wakristo, jirani na mpaka wa leo wa Misri na Sudan. Miaka ya 1960, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika eneo hilo, wataalamu kutoka Poland walifukua kanisa kuu lililokuwa limezikwa na mchanga, wakaokoa michoro ya ukutani zaidi ya 120. Mmoja ni wa Anna, ambaye mapokeo ya Kanisa yanamtaja kuwa mama yake Maria. Ana macho makubwa, na ameweka kidole mdomoni.

Muulize mtoto: bibi huyu anamnyamazisha nani? Au anasali kimya? Wataalamu wenyewe wana maelezo zaidi ya moja, kwa hiyo jibu la mtoto nalo lina nafasi. Mchoro huo una umri wa takriban miaka 1,200 na sasa uko katika Makumbusho ya Taifa mjini Warsaw.

Kristo mwenye vidonda vya wagonjwa

Mtoto wa miaka kumi na kuendelea anaweza kubeba habari nzito zaidi. Mashariki ya Ufaransa, katika mji wa Colmar, kuna kazi iliyochorwa na Mjerumani Matthias Grünewald kati ya mwaka 1512 na 1516. Aliifanya kwa ajili ya watawa wa Isenheim waliokuwa wakiuguza watu wenye maradhi yaliyoitwa “moto wa Mtakatifu Antoni”.

Leo inajulikana kwamba chanzo chake kilikuwa kuvu anayeota kwenye nafaka ya rai, jamii ya ngano. Aliyekula mkate wa nafaka hiyo alihisi viungo vikiwaka moto, wengine wakaoza vidole hadi kukatwa mikono au miguu. Familia zinazojua hatari ya sumukuvu kwenye mahindi na karanga hazitashangaa sana. Kuvu ni wa aina nyingine, ila somo la kukausha na kuhifadhi nafaka vizuri ni lile lile.

Grünewald alimchora Yesu msalabani akiwa na ngozi iliyobadilika rangi na kujaa vidonda. Mgonjwa aliyeletwa mbele ya picha hiyo aliona mwili unaofanana na wake. Mbao za kazi hiyo hufunguka kama milango ya kabati, na zikifunguliwa, ndani yumo Yesu aliyefufuka, anang'aa, ngozi yake safi, zimebaki alama za misumari tu. Watawa hawakuwa na dawa ya kuuondoa ugonjwa huo. Waliwapa wagonjwa chakula, uangalizi na picha iliyosema kwamba Mungu anayajua maumivu yao.

Baada ya kuitazama, someni pamoja Isaya 53. Kisha mwache mtoto aseme mwenyewe anachokiona. Ikiwa nyumbani kuna mtu anayeugua, usishangae mazungumzo yakahamia kwake. Watoto hubeba hofu nyingi kuhusu ugonjwa ambazo hawajui wazitoe kwa mlango gani.

Yesu wa Murang'a

Jirani zaidi, kuna kanisa kuu la Anglikana la Murang'a nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere, alipamba kuta zake kwa michoro mikubwa ya maisha ya Yesu. Yesu ni mweusi, watu wanaomzunguka ni weusi, na mandhari ni ya vilima vya huko huko.

Weka picha ya Murang'a, ya Colmar na ya kalenda pamoja. Mtoto ataona kwamba Njau alifanya walichofanya Grünewald na Sallman: alimleta Yesu karibu na watu waliokuwa wakimtazama. Hakuna kati yao aliyepiga picha ya sura halisi. Jambo hili humlinda mtoto na makosa mawili, la kudhani Yesu ni wa Wazungu na la kudhani ni wa kabila lake peke yake.

“Lakini Biblia imekataza sanamu”

Hoja hii itatoka kwa mume, kwa mama mkwe au kwa mtoto mwenyewe, na inastahili jibu la heshima. Kutoka 20 inakataza kutengeneza sanamu na kuisujudia. Lakini katika kitabu hicho hicho, sura ya 31, Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, na sura ya 25 inaagiza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano.

Mfano unaofafanua zaidi ni nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21, Musa anaamriwa kumtengeneza. Karne nyingi baadaye, katika 2 Wafalme 18, mfalme Hezekia anamvunja kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba. Kitu ni kile kile, kilichobadilika ni namna watu walivyokitumia. Mtoto akiuelewa mfano huu, atakuwa na kipimo cha kubeba maisha yote.

Madhehebu yanatofautiana hapa. Wakatoliki na Waorthodoksi huheshimu picha takatifu ndani ya ibada, makanisa mengi ya Kipentekoste hayaweki kabisa. Fundisha kwa kufuata msimamo wa kanisa lako, na mtoto asifundishwe kuwacheka wenzake.

Nusu saa inavyokwenda

Chagua picha moja tu kwa wiki. Mfano mzuri wa kuanzia ni “Kurudi kwa Mwana Mpotevu” ya Rembrandt, Mholanzi aliyeichora katika miaka ya mwisho ya maisha yake. Alifariki mwaka 1669, akiwa ameshazika mke na watoto kadhaa.

Kwanza, someni Luka 15 kuanzia mstari wa 11. Pili, itazameni picha dakika mbili bila kusema. Tatu, kila mmoja ataje alichokiona: kiatu kilichovuka mguuni, kichwa kilichonyolewa, mikono ya baba ambayo wengi huiona haifanani, mmoja mzito na mwingine laini.

Nne, rudini kwenye Biblia muulizane mchoraji ameongeza nini. Mtu aliyesimama upande wa kulia huchukuliwa na wengi kuwa kaka mkubwa. Lakini Luka anasema kaka alikuwa shambani. Rembrandt amemsogeza ndani ili tuuone uso wake. Watoto hupenda sana mchezo huu wa kumkamata mchoraji. Wapeni mwingine: Mathayo hakusema mamajusi walikuwa watatu, wala Mwanzo haikutaja tofaa.

Mambo ya kuangalia

Itazame picha kwanza wewe mwenyewe. Sanaa ya Ulaya ina miili mingi ya uchi, hata makanisani. Kabla ya kuona aibu, jua kwamba Kanisa lenyewe lilibishana juu ya hili: Michelangelo alimaliza “Hukumu ya Mwisho” huko Vatican mwaka 1541, na miaka ya 1560 mchoraji mwingine akaagizwa kufunika baadhi ya miili kwa nguo. Wewe ndiye unayejua mwanao yuko tayari kuona nini. Picha za mateso nazo zisionyeshwe usiku kabla ya kulala.

Kuwa makini na picha za kutengenezwa na kompyuta. Ukitafuta mtandaoni “Yesu Mwafrika”, utaletewa nyingi zinazovutia na zisizo na mwenyewe. Picha isiyo na jina la mchoraji, mwaka wala mahali ilipo haiwezi kujibu yale maswali matatu, kwa hiyo iache.

Kumbuka pia muda wa kioo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo, na pungufu ni bora. Kwa umri huo, chapisha picha kwenye karatasi pale stesheni ya mtaani, muitazame mkiwa mkekani.

Mwisho wa mwezi, mpe mtoto penseli na karatasi achore habari moja ya Injili kama ingetokea mtaani kwenu, pamoja na bajaji, bomba la maji na kuku. Usimrekebishe. Nyuma ya karatasi mwandikishe jina lake, tarehe, na jina la mtu aliyemchorea, kisha itafutie nafasi ukutani karibu na kalenda.