Akina Kerubo ni Wengi, Msimbo wa Muamala ni Mmoja

Simama Daraja Mbili, Kisii, siku ya soko, uite "Kerubo!" Utaitikiwa na akina mama wangapi? Nenda Keroka au Nyamira mjini, ni hivyo hivyo. Majina yetu tunayarithi kwa bibi na babu, kwa hivyo tunagawana.

Ndio maana tunasema wazi: mweka hazina wa chama asitafute malipo kwa jina. Hifadhidata nzuri haifanyi hivyo. Kila mtu na kila malipo hupewa alama isiyojirudia. Daftari lako pia linaweza.

Kwanza, mpe kila mwanachama nambari yake ya chama, maana leo atatuma kwa simu yake, kesho kwa simu ya mtoto.

Pili, andika msimbo wa muamala ulio kwenye meseji. Ukiuona mara mbili, umenakili meseji mara mbili. Pesa iliingia mara moja tu.

Tatu, nambari za simu ziandikwe kwa mtindo mmoja. Kwa kompyuta, 07, 7 na 2547 ni watu watatu. Na Excel hula ile sifuri ya mbele, basi anza zote na 254.

Ni kazi ndogo, jamani. Lakini mama aliyeuza ndizi akatuma shilingi 500 zake, kisha akasomewa mkutanoni kuwa hajatoa, aibu yake haifutwi na "pole, tulikuchanganya na Kerubo mwingine." Rekebisha daftari kabla ya mkutano ujao.