Vuta Kiti, Mzazi

Mzazi, ukimwona mwanao ameinamia mchezo wa kompyuta, huwa unamfokea, "Kasome vitabu!"? Basi sikiza habari za Terry Pratchett, Mwingereza aliyetunga riwaya 41 za Discworld. Bwana huyu alikuza mimea inayokula wadudu, akatazama nyota kwa darubini, na alipopewa cheo cha Sir mwaka 2009 akajifulia upanga, akatia humo chuma cha kimondo. Isitoshe, alikuwa mchezaji sugu wa kompyuta, na bintiye Rhianna aliipendea michezo hiyo kando yake. Pratchett alifariki mwaka 2015 akiugua Alzheimer, lakini binti alikuwa ameshaandika hadithi ya mchezo wa Tomb Raider wa 2013. Kabla hujaizima kompyuta, vuta kiti uketi naye. Huenda hapo ndipo mtakapoongea.